Gauni la Shingo Mbili

Juni 2018, magharibi inaingia, redio ya mama ilikuwa juu ya sanduku la nyuzi kama kawaida yake. Habari zilitoka Iringa, Tanzania: Maria na Consolata, wale pacha walioungana, wamefariki. Mama akatoa miguu kwenye cherehani. Nilidhani atasema maskini watoto wa watu, au ataanza sala. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza:

"Nani alikuwa anawashonea?"

Mama ni fundi. Amekaa kwenye veranda ile ile hapa Manyatta, Kisumu, tangu sijaanza shule, na mtu yeyote anayepita barabarani yeye humwona kwa mabega na kiuno kabla hajamwona uso. Kwa hiyo sikushangaa sana. Lakini swali lenyewe halikunitoka, kwa sababu mimi pia ni pacha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu watoto wanaozaliwa wameungana, kimyakimya, kama mtu anayepekua habari za ndugu aliyepotea.

Ninaitwa Adongo. Kwa asiyejua: Mjaluo akizaa pacha hatafuti majina, majina yanamsubiri mlangoni. Anayetangulia ni Opiyo, akiwa wa kike Apiyo, yule wa haraka. Anayefuata ni Odongo au Adongo, yule aliyebaki. Atakayezaliwa baada yao ni Okello au Akello, atake asitake. Majirani zetu Waluhya wana Mukhwana na Mulongo, na ukivuka kuingia Tanzania utawakuta Kulwa na Doto. Majina yote hayo yanategemea kitu kimoja tu: lazima kuwe na wa kwanza na wa pili.

Mimi nilibaki kweli kweli. Mwaka 1985, katika hospitali ambayo sitaitaja, muuguzi alimpokea Apiyo, akamfunga kitovu, akamwambia mama apumzike, kazi imekwisha. Mama akasema, "Sista, bado kuna mtu humu." Sista akamjibu kwamba hiyo ni kondo ya nyuma, itatoka yenyewe. Dakika arobaini baadaye kondo hiyo ilitoka ikilia. Kliniki alikokuwa akienda mama hapakuwa na mashine ya skani. Alipimwa kwa kiganja na kile kikombe cha mbao ambacho muuguzi hutegea sikio, na sikio lilisikia moyo mmoja.

Kondo halisi ilipotoka, dani, mama yake baba, aliitaka. Biero, yaani kondo kwa Kijaluo, ni ya kuzikwa nyumbani, si ya kutupwa kwenye shimo la hospitali. Ndiyo maana mama alipata kuiona, na hadi leo anaikumbuka kama anavyokumbuka kitambaa: moja tu, vitovu viwili, na ndani yake chupa mbili za maji zilizotengwa na utando mwembamba "kama bitana ya hariri".

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba maneno hayo ya mama ni sawa na tarehe. Pacha wasiofanana ni mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja. Jambo hilo linafuata ukoo wa mama, na ndiyo maana kuna jamii zenye pacha wengi na nyingine wachache. Wanaofanana ni yai moja lililogawanyika, na hilo halichagui kabila: dunia nzima hutokea mara tatu au nne hivi katika kila uzazi 1,000. Kinachotofautisha ni siku. Yai likigawanyika ndani ya siku 3 za kwanza, kila mtoto hujijengea kondo yake na chupa yake. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, kondo ni moja na chupa ni mbili. Hapo ndipo tulipo mimi na Apiyo. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 12 hivi, kondo moja na chupa moja. Watoto huogelea pamoja na vitovu vyao vinaweza kusokotana hadi damu ikakwama. Na siku ya 13 ikifika yai halijagawanyika, kisha likaanza, haliwezi tena kumaliza.

Kwa hiyo kati yangu na Maria na Consolata kuna siku tano, pengine tisa. Nilipolipigia hesabu mara ya kwanza niliandika kwenye daftari, "Tuliponea chupuchupu." Baadaye nikalifuta neno hilo. Tuliponea nini? Wale wasichana walifika chuo kikuu, na Apiyo na mimi tulifeli hisabati pamoja, kila mmoja kwenye dawati lake.

Nilijaribu kumweleza mama siku ya 13 kwa lugha ya kazi yake. Nilimwambia kwamba wakati huo mtoto bado hana kichwa wala miguu. Ni kisahani bapa, kidogo kuliko kichwa cha pini. Juu ya kisahani hicho uko karibu kuchorwa mstari mmoja, kama wa chaki, na mstari huo ndio utakaoamua kichwa kiwe wapi, makalio wapi, kushoto wapi na kulia wapi. Sasa chukulia mkasi umeingia kwenye kitambaa kikiwa kimechelewa hivyo. Unakata, unakata, halafu unasimama kabla ya kufika pindo.

Mama akafikiri. Akachukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule, akakikata katikati hadi robo tatu, akakiinua. Kilining'inia kama suruali.

"Huyu nimemwelewa," akasema. "Vichwa viwili juu, chini mmoja. Au chini wawili na juu mmoja. Lakini wale wa redioni siku ile, walioshikana utosi kwa utosi, miguu ya mmoja huku na ya mwingine kule? Mkasi gani unakata hivyo?"

Nawaheshimu sana wanaoelimisha watu kwa vitabu, lakini hilo ndilo swali lenyewe wanalobishania mabingwa wa viinitete. Wapo wa mkasi na wapo wa sindano. Wa sindano wanasema yai liligawanyika vizuri tu, mistari miwili ikachorwa mahali pawili, lakini juu ya yai lile lile, karibu karibu. Kisha wakati wa kukua kingo zikagusana pale ambapo ngozi ilikuwa bado haijafunga, zikashikana. Wanatoa ushahidi mmoja ambao mama aliupenda mno: walioungana huungana kwa kiungo kinachofanana. Kifua kwa kifua, kitovu kwa kitovu, nyonga kwa nyonga, utosi kwa utosi. Hutakuta mkono wa mmoja umeota kwenye shingo ya mwenzake. Nao huwa jinsia moja daima.

"Bila shaka," mama akasema. "Hakuna fundi anayeunga kola na pindo."

Tangu siku hiyo yeye ni wa sindano. Mimi bado sijahama upande wa mkasi, angalau kwa wale wa aina ya Maria na Consolata.

Ni wachache sana, kati ya uzazi 50,000 na 200,000 hupatikana mmoja, na kwa kila wanne walioungana watatu ni wa kike. Wengi huzaliwa wamekufa, au hawamalizi siku ya kwanza. Wanaoongoza kwa idadi ni walioungana kifuani, na hao ndio wenye mtihani mkubwa, maana mara nyingi moyo nao umeungana, na moyo mmoja haugawiki kwa wawili. Na watatu je? Huwa naulizwa. Kuna rekodi za watoto watatu walioungana wote, lakini ni za kuhesabu kwa vidole. Linalotokea zaidi, nalo ni nadra, ni mimba ya watatu ambamo wawili wameungana na wa tatu yuko peke yake kwenye chupa yake. Huyo wa tatu ndiye ninayemfikiria. Anazaliwa pacha, halafu anakua akiwaangalia wawili ambao hata kwenda chooni hawaachani.

Siku zile za Juni nilimsomea mama habari za Maria na Consolata alipokuwa akipiga pindo. Walizaliwa mwaka 1996 huko Makete, hospitali ya Ikonda. Kila mmoja alikuwa na kichwa chake, moyo wake na mikono yake. Kuanzia kiunoni kwenda chini walikuwa mwili mmoja. Walibaki yatima wakiwa wadogo, wakalelewa na watawa. Walisoma sekondari ya Udzungwa, wakafaulu, na mwaka 2017 wakaingia chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, Iringa, kusomea ualimu. Waandishi wa habari hawakuchoka kuwauliza kama wangependa kutenganishwa. Hawakutaka. Walisema wangependa kuolewa na mume mmoja. Kifua kikawasumbua, na tarehe 2 Juni 2018 wakafa hospitalini Iringa. Walizikwa katika jeneza moja.

"Mume mmoja," mama akarudia, na nikaona anataka kucheka na anajizuia. "Basi wangekuwa wake wenza wasioweza kugombana."

Hapo alikosea, na nikamwambia. Wapo waliogombana. Chang na Eng walizaliwa Siam, ambayo sasa ni Thailand, mwaka 1811, wameungana kwa mkanda wa nyama chini ya kifua. Walizungushwa Ulaya na Marekani wakionyeshwa kwa kiingilio, hadi walipochoka kumtajirisha mtu mwingine wakajisimamia wenyewe. Wakanunua shamba North Carolina, na mwaka 1843 wakaoa dada wawili. Wake hao walishindwa kukaa nyumba moja. Zikajengwa mbili, na wanaume wakawa wanalala siku tatu kwa huyu na siku tatu kwa yule, miaka nenda miaka rudi. Watoto 21 walipatikana kwa utaratibu huo. Januari 1874 Chang alikufa usingizini, na Eng, aliyekuwa mzima alipokwenda kulala, akamfuata baada ya saa chache. Walipopasuliwa ilionekana maini yao yameshikana kupitia ule mkanda. Madaktari wa leo wangewatenganisha bila taabu kubwa.

Kinachonikera katika hadithi hiyo ni kwamba Chang na Eng, waliouzwa macho ya watu tangu ujana wao, nao walimiliki watumwa. Na katika jimbo hilo hilo, mwaka 1851, walizaliwa Millie na Christine McKoy, wameungana mgongoni kwa chini, watoto wa watumwa. Wao waliuzwa wakiwa wachanga, wakaibwa, wakavushwa bahari, wakaonyeshwa. Ila walikuwa na sauti. Waliimba sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja, walizungumza lugha kadhaa, waliimba mbele ya Malkia Victoria, na baada ya utumwa kukomeshwa pesa waliyoipata ikalinunua lile shamba walikozaliwa watumwa. Walikufa mwaka 1912, Millie kwanza kwa kifua kikuu, Christine saa chache baadaye. Walipenda kujitaja kwa umoja. Hapa Kiswahili kinanishinda kidogo: niandike "alijitaja" au "walijitaja"?

Serikali nazo zinashindwa. Kule Minnesota, Marekani, wapo Abby na Brittany Hensel, waliozaliwa mwaka 1990, vichwa viwili juu ya kiwiliwili kimoja. Abby anaongoza upande wa kulia, Brittany wa kushoto, na kila mmoja husikia mguso wa upande wake tu. Pamoja na hayo wanatembea, wanaogelea, wanaendesha gari. Walipofikisha umri wa leseni kila mmoja alifanya mtihani wake na kupewa leseni yake. Walipoanza kufundisha shule ya msingi, mshahara ukawa mmoja, maana kazi ni ya mtu mmoja. Kwenye leseni ni wawili, kwenye mshahara ni mmoja. Nawaza wakija hapa kwetu kuomba kitambulisho, foleni itakavyosimama na karani atakavyokwenda kutafuta mkubwa wake.

Mama aliposikia kwamba mmoja anaongoza mguu wa kulia na mwenzake wa kushoto, akatazama pedali chini yake. "Hao ningewafundisha cherehani," akasema. "Kisigino na vidole, huyu na huyu. Wangenipita."

Habari zikija za watoto kama hao, swali la kwanza mitaani ni: watatenganishwa lini? Kana kwamba mwili wenyewe umejikosea na unasubiri kisu. Wakati mwingine kisu ni sahihi kabisa. Hapa Kenya tunao wasichana wa Meru, waliozaliwa mwaka 2014 wameungana chini ya mgongo. Walisubiri miaka miwili, na Novemba 2016 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wakawatenganisha kwa upasuaji wa saa 23. Wote wawili walipona. Siku ile mama alikunja kazi mapema, jambo ambalo hufanya Krismasi tu.

Lililomvutia lakini ni kitambaa. Alitaka kujua: ukishawakata, ngozi ya kufunika jeraha inatoka wapi, maana palipotosha mmoja sasa pana wawili na kila mmoja ana upande ulio wazi. Nikamweleza kwamba katika upasuaji wa namna hii, miezi kabla, madaktari huweza kuingiza vifuko chini ya ngozi na kuvijaza maji polepole, wiki baada ya wiki, ngozi ikanyooka na kuongezeka. Siku ya kukata inakuwapo ya ziada. Nikamweleza pia kwamba chumbani mle kila mtoto hupewa kundi lake la madaktari, na mipira na nyaya za kila mmoja hutiwa rangi yake ili dawa ya huyu isiingie kwa yule. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji chake. Yeye huacha inchi nzima ya mshono kwenye gauni la msichana anayekua, na akishona wateja wawili kwa pamoja hafungi bobini mbili za rangi zinazokaribiana.

Sikumficha na upande mwingine. Ladan na Laleh Bijani wa Iran waliungana kichwani. Wote walisoma sheria, lakini Ladan alitaka kuwa wakili na Laleh alitaka kuwa mwandishi wa habari Tehran. Walikuwa na miaka 29, akili timamu, wakajua hatari ilivyo, wakaomba wakatwe hata hivyo. Julai 2003, Singapore, baada ya zaidi ya siku mbili mezani, wote wawili walikufa kwa kuvuja damu. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka ubongoni ulikuwa mmoja.

Mimi siwezi kusema walikosea, kama nisivyoweza kusema Maria na Consolata walikosea kukataa. Nachoka tu na sisi tunaotazama, tunaowaonea huruma wasiotaka kukatwa na kuwaona wazembe waliotaka. Dani, ambaye hakwenda shule, alikuwa na utaratibu bora. Pacha, au rude kwa Kijaluo, wakizaliwa kwake, mama yao alifungiwa ndani nao hadi pombe iive. Kisha mlango ukafunguliwa, na ukoo mzima ukaja kuimba matusi ya nguoni, mkwe kwa mkwe, bila mtu kuruhusiwa kukasirika. Mshangao wote ulimalizwa siku hiyo moja. Kesho yake ni watoto kama watoto wengine, na mama yao akabaki na cheo cha Min Rude, mama wa pacha, ambacho mama yangu anaitwa nacho hadi leo sokoni Kibuye.

Mwishoni mwa Juni nilimkuta mama usiku ametandaza karatasi za kaki sakafuni, tepu shingoni, chaki sikioni. Alikuwa anakata paterni. Hakuwa na vipimo. Alikuwa na picha ya gazeti ya Maria na Consolata na macho yake ya miaka arobaini. Shingo mbili, mabega manne lakini mawili ya katikati yamebanana, mikono minne, kiuno kimoja, rinda moja pana kwa ajili ya kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Zipu ilimpa shida. Ikiwa mgongoni nani ataifikia? Akaihamisha ubavuni, akaifuta. Mwishoni akaweka vifungo mabegani, kwa nje, kila mmoja upande wake, "ajivalishe mwenyewe, asimngoje mwenzake."

"Sasa hili unamshonea nani, mama?"

"Nyamaza, nyathina. Shika hapo."

Karatasi ile ilikaa imekunjwa chini ya cherehani hadi Agosti, shule zilipofungwa na Apiyo akaja kutoka Nakuru anakofundisha. Alikuwa anatafuta mkasi, akaivuta. Sikulazimika kumweleza sana. Aliikunjua, akaigeuza huku na huku, akapitisha kichwa kwenye shingo ya kulia.

"We Adongo, njoo."

"Sisi wanene."

"Njoo, bwana. Kama kawaida yako, unabaki tu."

Nikaingia upande wa kushoto. Bega langu likawa chini ya kidevu chake, nywele zake masikioni mwangu. Alinuka mafuta ya nazi na vumbi la matatu. Tulipiga hatua moja, tukaamua kwamba mguu wa ndani wa kila mmoja usigusane na chini, tukapiga ya pili. Ya tatu ilielekea mlangoni kwangu na dirishani kwake. Karatasi ikachanika kuanzia kwapani hadi kiunoni kwa kelele.

Mama alitutazama juu ya miwani. Akainama, akaokota kipande, akakipima na kidole.

"Kwapa la ndani nimelibana," akasema, na akaanza kutafuta chaki.